Mwalimu Aliyejua Kusubiri

Robo tatu gawanya kwa nusu. Hilo ndilo swali lililokuwa ubaoni, na mimi ndiye niliyesimama mbele yake, kipande cha chaki kimeanza kulowa jasho mkononi. Nilikuwa na miaka 10. Nikaandika 3/8, nikapiga mstari chini yake kama tulivyofundishwa, nikageuka. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka, wala hakuniambia nikakae. Aliinua kiganja kidogo tu, kicheko kikakatika, kisha akanyamaza. Akanitazama mimi, akautazama ubao, akanitazama tena. Nilikuwa nimezoea kuambiwa "kaa chini, mwingine!" hata kabla sijafunga mdomo, kwa hiyo ukimya ule ulinichanganya. Nilisubiri anikemee. Baadaye kidogo nikagundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa ananisubiri mimi.

"Hebu nieleze," akasema, "umefikaje hapo?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini: juu, tatu mara moja ni tatu, chini, nne mara mbili ni nane.

"Umezidisha vizuri kabisa. Hilo ni jibu sahihi la swali ambalo sikukuuliza. Ulichopata ni nusu ya robo tatu. Mimi nataka kujua nusu ngapi zimo ndani ya robo tatu."

Akachana karatasi mbili kutoka katikati ya daftari lake mwenyewe. Ya kwanza akaikunja mara mbili, akaikunjua, akachana robo moja na kuitia mfukoni. Ya pili akaikunja katikati, akachana, akanipa nusu. "Iweke juu ya hii robo tatu. Imeingia?" Imeingia. "Kumebaki nini?" Robo. "Na hiyo robo, ukiilinganisha na nusu uliyoishika, ni kiasi gani chake?"

Akanyamaza tena. Kuna waliokuwa wamenyoosha mikono mpaka wanainuka kwenye viti, wanalitamani lile jibu, lakini hakumtazama hata mmoja wao. Nilizishika zile karatasi, nikazipandanisha, nikazitenganisha. Ni nusu yake. Kwa hiyo nusu moja, na nusu ya nusu. Moja na nusu! Nililitamka kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Kanuni ya kugeuza sehemu ya pili juu chini kisha kuzidisha alitufundisha baadaye, siku hiyo hiyo, na ilipofika tayari ilikuwa na maana. Mpaka leo sijawahi kuisahau, kwa sababu nyuma yake naziona karatasi mbili.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na kila nikikaa na watu wazima tukaanza kukumbushana shule, nauliza swali moja: mwalimu gani hujamsahau? Hakuna anayehitaji kufikiri. Jibu huja papo hapo, na huja na kitu cha kuonekana: namna alivyoshika kitabu, alivyotembea katikati ya madawati, alivyokohoa kabla ya kuanza kusoma kwa sauti. Ukiendelea kuuliza, utasikia kwamba mwalimu yule alikaa naye baada ya kengele, au alimwuliza "unafikiri nini?" na kweli akataka kujua, au alimrudia mara tatu bila kuchoka. Ndiyo maana nimefikia imani yangu: walimu tunaowapenda hadi uzeeni ni wale waliotupa muda.

Sisemi upole. Mwalimu wangu yule wa hesabu alikuwa mkali. Daftari lisilo na pambizo alilirudisha bila kulisahihisha. Ukichelewa, ulisimama mlangoni mpaka amalize sentensi yake. Tulimwogopa kidogo, na wala sioni ubaya, maana ukali wake ulihusu kazi. Hakuwahi kuuelekeza kwa mtoto aliyekuwa bado anajaribu. Watoto wanajua kutofautisha mambo haya mawili mapema kuliko tunavyowadhania.

Nilipokuwa mtu mzima nikakutana na kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyeshughulika na ufundishaji wa sayansi. Katika miaka ya 1970 alichapisha matokeo ya kurekodi masomo darasani na kupima jambo ambalo wengi hawakuwa wamelifikiria: mwalimu akishauliza swali, husubiri muda gani kabla ya kulijibu mwenyewe, kulirudia au kumgeukia mtoto mwingine? Wastani ulikuwa sekunde moja hivi. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, mambo yalibadilika: majibu yakawa marefu, watoto wakaanza kutoa sababu za majibu yao, "sijui" zikapungua, na wale waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Tena walimu wenyewe wakaanza kuuliza maswali bora zaidi.

Sekunde 3. Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu mezani nikatulia kwa muda. Nilikuwa nimebeba kumbukumbu ya ukimya ule maisha yangu yote nikidhani ni tabia ya mtu mmoja, kumbe ni ufundi, unaweza kupimwa na unaweza kufundishwa. Kwangu hilo halikumpunguzia mwalimu wangu chochote. Lilimwongezea. Maana kukaa kimya mbele ya darasa la watoto wanaohangaika, saa inakwenda na somo halijaisha, si jambo rahisi. Ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa ajaribu kuhesabu moja hadi tatu polepole baada ya kuuliza swali, aone zilivyo ndefu.

Sina budi kumtaja pia mwalimu wangu wa lugha, ingawa yeye alisubiri kwa njia nyingine. Aliandika. Insha zetu zilirudi zimejaa wino mwekundu, na mwanzoni niliuchukia, mpaka siku nilipokaa kuusoma. Haukuwa wa alama za kosa peke yake. Pembeni mwa aya moja aliandika: "Hapa umeharakisha. Mvua ilinyesha, sawa, lakini wewe ulikuwa wapi?" Nikamjibu kwa penseli chini ya swali lake, nikaona aibu, nikalikusanya daftari hivyo hivyo. Lilipotoka amenijibu. Kwa muhula mzima tuliandikiana hivyo kwenye pambizo za insha, na kila nikikaa kuandika hata sasa, swali lile bado linanidai: wewe ulikuwa wapi?

Walikuwepo wa aina nyingine, siwezi kudanganya. Mmoja alikuwa na desturi ya kusoma alama kwa sauti kuanzia wa mwisho kupanda juu, na kila jina akilitia neno la kuchekesha. Nilikuwa salama katikati ya orodha, lakini rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja hakuwa salama. Alikuwa mtoto wa maswali mengi. Mwaka ulipoisha hakuwa na swali tena. Namtaja mwalimu yule kwa sababu moja tu: ukimya unaotokana na woga na ukimya wa kumsubiri mtoto kwa nje vinafanana, na mgeni akichungulia dirishani ataona madarasa mawili yenye nidhamu sawasawa.

Watu wanaijua habari ya Helen Keller na mwalimu wake Anne Sullivan, na wengi wanaikumbukia mahali pamoja, penye bomba la maji. Tarehe 5 Aprili 1887, maji yakimwagika kwenye mkono mmoja wa msichana asiyeona wala kusikia, mwalimu akamwandikia neno "maji" kwa vidole kwenye mkono wa pili, na mtoto akaelewa kwamba vitu vina majina. Ni tukio zuri, lakini mimi huwa nafikiria zaidi siku zilizolitangulia. Sullivan alifika tarehe 3 Machi, akiwa na miaka 20, na tangu siku za mwanzo kabisa alianza kumwandikia maneno kiganjani. Mwezi mzima na zaidi aliandika. Mtoto aliiga miondoko ya vidole kama mchezo, bila kujua kwamba ni maneno. Hebu fikiria mikono hiyo miwili, saa baada ya saa, mmoja unasema na mwingine bado haujajua kwamba unaambiwa kitu. Waliishi pamoja mpaka Sullivan alipofariki mwaka 1936, na miaka yote hiyo Helen alimwita kwa jina moja tu: Mwalimu.

Kisha kuna mwandishi Albert Camus, ambaye habari yake ndiyo iliyonisukuma kuandika haya. Alizaliwa Algeria mwaka 1913, na baba yake akafa vitani kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mama alifanya usafi kwenye nyumba za watu na hakujua kusoma. Bibi, aliyekuwa na sauti ya mwisho nyumbani, alitaka kijana akimaliza shule ya msingi atafute kazi alete fedha. Mwalimu wake, Louis Germain, akaenda mpaka nyumbani kuzungumza na bibi huyo. Akamfundisha Camus masomo ya ziada bila malipo, akamwandaa kwa mtihani wa ufadhili wa sekondari, naye akafaulu. Hiyo ilikuwa 1924.

Mwaka 1957 Camus akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tarehe 19 Novemba, kelele za pongezi zilipopungua, akamwandikia mwalimu wake barua fupi. Alimwambia kwamba alipopata habari ile, mtu wa kwanza aliyemfikiria baada ya mama yake alikuwa yeye, na kwamba bila mkono ule aliomnyooshea mtoto maskini, yote hayo yasingetokea. Hotuba zake za tuzo zilipochapishwa, alizitabaruku kwa Louis Germain. Mzee naye alimjibu kwa barua ndefu mwaka 1959. Miezi michache baadaye, tarehe 4 Januari 1960, Camus akafa katika ajali ya gari, ana miaka 46. Mwalimu ndiye aliyebaki kumlilia mwanafunzi.

Kinachonishika hapo ni tarehe. Sisi sote tunadhani tuna muda, kwamba mwalimu atakuwepo tu, na kwamba shukrani zetu zinaweza kungoja tufanikiwe kwanza. Camus angengoja miaka mitatu tu, barua ile isingekuwepo.

Kila tarehe 5 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Walimu, tangu 1994, na siku hiyo maneno matamu huwa mengi. Nayapenda. Ila nataka tuseme na jambo la pili: muda ambao walimu wale walitupa, leo tunawanyang'anya wenzao. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, imekadiria kwamba kufikia 2030 dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 wa shule za msingi na sekondari. Penye upungufu huo madarasa hufurika, mihtasari inakimbizwa, mitihani ya majaribio inafuatana, na mwalimu anayesimama sekunde 3 kumngoja mtoto mmoja anahesabiwa kuwa amechelewa. Tukimpongeza mwalimu kwa wastani wa ufaulu peke yake, tunampongeza kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu anayekikumbuka kuhusu walimu aliowapenda. Mimi sikumbuki darasa letu lilipata wastani gani mwaka ule. Nakumbuka robo moja ya karatasi ikiingia mfukoni.

Basi niliitafuta namba ya simu ya mwalimu wangu yule wa hesabu. Ilipita kwa watu watatu niliosoma nao, na ilipofika nilikaa nayo siku mbili kabla ya kupiga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Sauti imekuwa nyembamba, lakini ile namna ya kumalizia neno kikamilifu, kama anayelisomea imla, ilikuwa pale pale. Nilijitambulisha. Jina alilikumbuka, na dawati langu pia, la pili kutoka dirishani. Siku ya robo tatu hakuikumbuka kabisa. Aliniambia karatasi alizichana nyingi katika kazi yake, nami nikaamini, na nikafurahi zaidi, maana kumbe hapakuwa na siku maalumu kwa ajili yangu. Ndivyo alivyokuwa akifanya kila siku, kwa kila aliyesimama pale mbele.

Nikaanza kumwambia nililokusudia. Nilikuwa nimeliandika kabisa kwenye karatasi, lakini nilipofika katikati maneno yakanipotea, nikanyamaza. Upande wa pili nako kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo," akasema. "Nakusubiri. Endelea tu."