Mwezi Umepatwa, na Mimi Nimepatwa

Najua mmeshasikia. Rafiki yangu aliyekaa ubavuni mwangu kikaoni hana breki mdomoni, na katika hadithi yake mimi nimelia. Sikulia. Ulikuwa moshi wa kuni. Basi sikieni kwa mwenye msiba.

Lile kundi la ukoo mnalijua. Tuko 63, na wasiotoa maoni kabla ya kusoma ni wawili: mimi na marehemu babu, ambaye namba yake bado imo.

Jumapili ile ya tarehe 7 Septemba 2025 binamu alituma maelezo mazuri: saa 2:30 usiku mwezi wote utazama kwenye kivuli cha dunia, utakaa humo dakika kama 82, utageuka mwekundu, tazameni kwa macho matupu bila wasiwasi. Aya nne tu jamani. Dakika haijaisha: "Sijasoma yote ila tuwe makini." "Wanasayansi wanatuficha mengi." "Mabinti wavae nguo za heshima." Mwezi na magauni ya mabinti, wapi na wapi!

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Tashtiti nimeifundisha miaka tisa: ukitaka kumcheka mtu, vaa sauti yake, halafu ivimbishe mpaka ipasuke. Nikasema leo napasua. Nikaandika:

"WANANGU NIMEPOKEA HIVI HIVI. Daktari mmoja wa Ujerumani asiyetaka kutajwa amesema mwezi ukiwa mwekundu FRIJI ZOTE ZIZIMWE zinavuta mionzi. Nguo nyeupe zianuliwe. Habari yenyewe sijasoma ila naikubali 100%. Jirani yangu alipuuza, sasa hivi anaongea na kuku. Wenye akili wameelewa. Tuma kwa watu kumi."

Anaongea na kuku! Niambieni ukweli wenu, mngeamini? Na hilo "WANANGU" ni la shangazi. Herufi kubwa ni zake, daktari asiyetajwa ni wake. Mwandiko wote nilimwibia yeye. Nikaacha simu chaji, nikatoka uani kuutazama mwezi, mwekundu kama shaba, huku nacheka peke yangu.

Jana ndiyo ilikuwa zamu yangu. Kikao cha arusi, upande wa mke wameshafika, shangazi akaomba maikrofoni. Watu arobaini chini ya turubai moja, maikrofoni ya nini? Akavaa miwani. Akatoa simu, akaifuta kwa pindo la kanga. Akasukuma kwa kidole kimoja, juu, juu, juu, akasimama. Nikauona ujumbe wangu unang'aa kwenye vioo vya miwani yake.

"Huyu mtoto," akasema. Spika ikapiga mluzi. Akaingoja itulie. "Huyu mtoto miaka yote ananicheka ninavyoandika. Leo msikilizeni."

Akasoma neno kwa neno. Penye herufi kubwa akapaza sauti. Penye Ujerumani wazee wakatikisa vichwa, Wajerumani hawatanii. Alipokaribia kuku nikashusha pumzi, nikajua hapa sasa watacheka.

Mama wa bi harusi akashika kifua. "Masikini! Jirani yupi huyo?"

Turubai zima likanigeukia, linangoja jina la jirani.

Shangazi akanipokea hapo hapo: "Mimi nilizima friji siku mbili nzima, baba, kwa tahadhari. Barafu zangu zote za ukwaju maji. Wale nguru wa arusi ndiyo hivyo tena. Lakini samaki wananunulika, watoto hawanunuliki. Ahsante sana, baba." Vigelegele.

Wadau, ilikuwa sekunde moja tu ya kusema ukweli. Mnajua nilisema nini? "Ni wajibu wangu, shangazi."

Mengine hayana maana. Nguru nimenunua wengine, kwa bei ambayo sitaki kuiandika. Nimefanywa msimamizi wa kundi. Usiku sikulala.

Alfajiri hii nikajikaza, nikaungama kundini: ulikuwa mzaha, Mjerumani hayupo, jirani hayupo, kuku wote wanaongea na kuku wenzao. Aya nne tu. Wa kwanza kujibu, shangazi:

"Sijasoma yote baba, ila naunga mkono. NIMESHATUMA KWA WATU KUMI."