Dokta Kaweka Notsi, Sasa Shida Iko Wapi?

Jamani, Moodle, ule mfumo wa kufundishia na kukusanyia kazi mtandaoni, ilitoka mwaka 2002, imefika umri wa kuoa, na vyuoni bado tunaitumia kama kabati la PDF. Mhadhiri anasema wanafunzi wavivu, notsi zote zimo. Wanafunzi wanasema dokta katupa slaidi katokomea. Ubaya ni kwamba wote wanasema kweli.

Zitazameni hizo notsi. Kitabu kimepigwa picha kwa simu, kurasa 60, kila picha MB 3. Hiyo ni MB 180 kwa sura moja, na bando ni la siku! Zingeskaniwa kwa dpi 150 (vitone 150 kwa inchi), nyeusi na nyeupe, zisingefika MB 10. Lakini dokta anafungua ripoti, anaona tiki kila jina, anatabasamu. Baba, umeweka sharti la kukamilisha ni kufungua tu. Aliyefungua akafunga papo hapo naye ana tiki.

Njoo kwenye tarehe. "Mwisho tarehe 14, saa 00:00." Mhadhiri asipogusa kitu, hiyo 00:00 Moodle inajiwekea yenyewe. Mwanafunzi anapanga kumalizia kazi jioni ya tarehe 14, kumbe tarehe 13 ilipoisha na muda wake uliisha. Tena vipo visanduku viwili: due date inakuandika umechelewa tu, cut-off date ndiyo inayofunga mlango. Si waandike 23:59, saa tano na dakika 59 usiku, tupumue?

Na kile kitufe cha Submit! Mhadhiri akikiwasha, kupakia faili peke yake hakutoshi, kazi inabaki rasimu. Mwanafunzi anaapa, "Dokta, wallahi nimetuma!" Dokta anaona "Draft", anajua anadanganywa. Wiki nzima wameshikana mashati kwa sababu ya mbofyo mmoja.

Kwizi ndiyo usiseme. Dakika 30, umeme ukikatika dakika ya 12, muda unaendelea kukimbia, maana unahesabiwa kwenye seva, haujali simu yako imezima. Weka basi maswali matatu matatu kwa ukurasa, maana kila ukurasa ukigeuzwa majibu yanahifadhiwa. Aliyekatikiwa umeme anaongezewa dakika zake peke yake kwenye Overrides, wengine hawaguswi. Lakini nani kaonyeshwa? Mafunzo ya wahadhiri huwa nusu siku, na nusu ya hiyo nusu ni mgeni rasmi na chai.

Halafu tunaambiwa tushiriki jukwaani, kwenye ukurasa wa mijadala wa humo humo Moodle: toa hoja, wajibu wenzako wawili, alama 5. Darasa la watu 200, na karibu wote wameandika "Nakubaliana na wewe mwenzangu, umeeleza vizuri." Umeeleza nini? Hata hajasoma! Mjadala wenyewe uko kwenye grupu la WhatsApp la CR, yaani kiongozi wa darasa, moto kweli kweli, na dokta hajaunganishwa.