Leta unga haraka!

Kosa langu lilianzia buchani. Jamaa wa agroveti alikuwa ameniambia dawa ya minyoo inapimwa kulingana na kilo za mnyama, na mimi mizani sina, basi nikamtia Chifu kwa kiondo nikashuka naye hadi bucha ya hapo chini, Umoja. Mwenye bucha akatandika gazeti, akamweka, kilo 6.5, halafu akapangusa kisu akaniuliza polepole, "Nikukatie ama unarudi naye hivyo hivyo?" Nikamziba Chifu masikio (hayatoshi kwa viganja viwili) nikatoka mbio. Ploti nzima ilikuwa imeniona.

Chifu ni sungura. Aliyeniuzia aliapa ni aina ya kukaa kwa nyumba na haongezeki, na kweli alikuwa anatoshea kwa bakuli la uji. Baadaye ndio naambiwa ni Flemish Giant, wale wa asili ya Ubelgiji, na siku hizi akijinyoosha kwa sofa mgeni anakaa kwa ndoo.

Adabu anayo, sikatai. Haja anaenda kwa beseni lake, nilimfundisha kwa kuweka nyasi kavu hapo pembeni juu sungura anapenda kutafuna akiwa msalani, na nikitingisha mkebe wa peleti anakuja mbio kama makanga ameona abiria. Shida ni kushikwa. Ukimwinua tu anaona ni mwewe amemfikia, anarusha mateke, na teke lake mwenyewe linaweza kumvunja uti wa mgongo, kwa hivyo lazima mkono mmoja uwe kifuani, mwingine chini ya makalio, unambana kwa tumbo lako kama unaiba tikiti maji.

Sasa hiyo Jumamosi alikuwa ananyonyoka manyoya, mpaka kwa chai tunakunywa manyoya, na sungura akijilamba anayameza na hawezi kutapika, kwa hivyo kitana ilikuwa lazima. Hiyo alikubali. Nikaona wacha nimalizie na kucha kabisa. Nilikuwa nimeona kwa video mtu akimlaza sungura chali na anatulia tuli, nami nikamlaza kwa leso nyeupe ya mke wangu. Kweli akatulia, miguu minne juu, macho wazi, nikajisifu sana, kumbe huo si usingizi bana, ni woga, anajifanya maiti ndio aachwe.

Kucha ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, na zake ni nyeusi, mshipa wa ndani hauonekani bila kumulika tochi, mimi tochi sikuwa nayo, kaaa! Damu kwa leso. Si nyingi, lakini kwa leso nyeupe tone moja ni mkutano wa hadhara. Nikakumbuka unga unasimamisha damu, nikamwitia kijana wangu jikoni kwa sauti ya mtu anaibiwa, "Leta unga! Leta unga haraka!"

Mlango ulikuwa wazi juu ya joto. Mama wa nambari 7 akachungulia. Akaona mimi nimepiga magoti, sungura chali, damu, na mtoto anakuja mbio na pakiti.

"Pole na kazi jirani," akasema, "sisi tulijua tu, tangu ile siku ya bucha." Akaenda. Kabla sijapata kujieleza amerudi na sufuria yake. "Mimi wacha nisonge huo ugali. Lakini ule mguu wa nyuma, si utanikumbuka?"

Sijui Chifu alisikia nini hapo. Alifufuka. Teke moja kwa pakiti, sisi wote tukawa weupe kama sanda, teke lingine kwa sufuria, akapita katikati ya miguu ya mama na kushuka ngazi ghorofa nne, watoto nyuma wakipiga kelele, "Amekataa kuchinjwa! Amekataa kuchinjwa!"

Nilimpata kwa kibanda cha mama mboga, ndani ya dania. Nikatingisha mkebe. Akaniangalia, akapiga chini kwa mguu mara moja, tu!, akanigeuzia mgongo akaendelea kula. Nikatingisha tena, watu wananiangalia, mtu mzima ananyenyekea sungura. Mwishowe mama mboga ndiye alimkuna katikati ya macho mpaka akaanza kusaga meno taratibu, hivyo ndivyo wanafanya wakisikia raha, ndio nikamkunja nikambeba. Dania, bob 120. Spinachi alizokojolea, bob 80. Kumbe ile adabu ya beseni ni ya nyumbani pekee.

Sungura ana kucha 18. Nilikuwa nimekata 3.

Jioni mama wa nambari 7 akabisha, sahani imefunikwa. Alikuwa ameshasonga. Tukala na sukuma wiki, yeye akiangalia chini ya meza kila mara, na huko chini Chifu amenipa mgongo.