Nani Alishika Mwanzo wa Tepu?

Pale Bombo, mji wa wanajeshi huku Uganda, ukimjengea afande mstaafu, ujue uko kambini. Nilikuwa msimamizi wa nyumba yake ya ghorofa moja, na kwenye zege, wallahi, nilikuwa mkali kumshinda yeye. Mchanga wa Lwera niliusugua kiganjani kabla lori halijamwaga. Maji tulipima kwa ndoo, si kwa macho. Siku ya kumwaga ngazi nikaleta ile koni ya chuma ya sentimita 30: jaza kwa tabaka tatu, kila tabaka lishindilie kwa fimbo mara 25, inua taratibu, pima zege limeketi kiasi gani. Vijana wakaniita Daktari wa Zege. Nikavimba.

Sasa, tepu yangu ilikuwa imeng'oka ile kucha ya chuma ya mwanzo. Dawa yake kila fundi anaijua: unaanzia kwenye 10, halafu unatoa 10. Kijana akashika chini, akapaza sauti, "Kumi!" Nikamjibu, "Nimesikia!" Juu nikasoma 310, nikaandika 310, nikagawa kwa vidato 18. Kila kidato sentimita 17 na ushee. Hesabu safi. Ile kumi ilibaki huko chini na kijana.

Seremala alipofunga mbao akakuna kichwa. "Mkubwa, kidato cha mwisho kimekuwa kama chapati." Kilikuwa sentimita 7. Nikamwambia, "Hiyo italiwa na plasta." Plasta yetu ina njaa sana.

Tukamwaga. Nikafunika magunia, nikamwagilia asubuhi na jioni siku 7, kama mtu mwenye miche ya kahawa.

Siku ya ukaguzi afande akapanda kwa mwendo wa gwaride, fimbo kwapani, akihesabu. Ngazi ni ya moja kwa moja. Kibaraza cha katikati alikikataa mwenyewe, eti askari hapumziki njiani. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Mguu huwa hauangalii, unakariri. Ukainuka kwa kimo kile kile, haukukuta kitu, ukashuka kwaa! Fimbo ikatokea dirishani. Kofia ikateremka vidato vyote, kimoja kimoja, kwa nidhamu.

Akanyamaza. Heri angetukana.

"Fundi, jaza karai maji. Panda."

Nikapanda. Mimi niliyekijua kidato chenyewe, nililoa hadi soksi.

"Nani alishika mwanzo wa tepu?"

Kijana akanyoosha mkono. "Mimi, afande. Nilisema kumi. Akasema amesikia."

Kidato cha mwisho hakirekebishwi peke yake. Zile sentimita 10 lazima zigawanywe kwa vidato vyote 18, yaani vunja ngazi nzima. Nyundo ya kilo 7 ikawa inadunda kama imegonga tairi. Siku ya kwanza nilipata kokoto za kujaza bakuli. Siku ya pili ikafika karatasi ya maabara kutoka Kampala: vile vipande vya majaribio vya zege letu, sentimita 15 kila upande, vimetimiza siku 28, vimepondwa kwa mashine, vimepita nguvu iliyotakiwa. Afande akavuta kiti, akavaa miwani, akanisomea yote polepole mpaka kwenye muhuri.

"Wanasema zege lako ni bora sana," akasema. "Hongera. Piga."