Neno la Siri la Mjomba

Mjomba wangu wa Mkomani, hapa Amu (Lamu), ana nyumba ya wageni, na karibuni amekodi ya pili kule Shela. Akataka programu ileile ya vyumba iende Shela, ila wageni wa Mkomani wabaki Mkomani: majedwali yaleyale, safuwima zilezile, ndani tupu.

Si kazi kubwa. MySQL, hifadhidata inayotumiwa na programu ile, ina kamusi yake ya data inayojua jedwali gani lipo, safuwima ipi ni tarehe na ipi ni nambari. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2018 kamusi hiyo imo ndani ya InnoDB, injini yake ya kuhifadhi majedwali, na yale mafaili ya .frm yaliyoeleza muundo wa majedwali, yaliyokuwa yametapakaa kote, yameondoka. Huigusi kwa mkono. Unaiambia tu mysqldump, programu yake ya kutoa nakala, ikuandikie amri za kuunda majedwali upya.

Lakini mimi nilikuwa jeti ya Mokowe nangoja boti, na mjomba hana subira, hasa Maulidi ikikaribia. Ikabidi nimsomee kwa simu.

"Andika mysqldump. Acha nafasi. Kistari, u, nafasi, root."

"Kistari cha chini?"

"Cha kati, mjomba. Halafu kistari, p, na neno la siri ulibandike papo hapo. Usiache nafasi."

Nikaendelea: --no-data, ili mistari ya wageni isiingie, --routines na --events, kwa kuwa taratibu na matukio yaliyopangwa hayachukuliwi mpaka uyataje. Triga, yaani amri zinazojiendesha data ikibadilika, peke yake huja bila kuitwa, kama jirani siku ya pilau.

Sasa, mjomba hajui kusoma kimoyomoyo. Hata bili ya umeme huisoma kwa sauti ya khutba, naye siku ile alikuwa ameketi dakani, mlango wazi, mkewe ukumbini. Akabonyeza. Nikamsikia, herufi baada ya herufi, anaisomea Mkomani nzima: "Unknown database... ha-ru-si-ya-pi-li."

Alikuwa ameacha nafasi baada ya p. Ukifanya hivyo, mysqldump hukuuliza neno la siri upya, na lile ulilokwisha kuliandika hulichukua kuwa jina la hifadhidata.

Simu ikawa kimya. Kisha sauti ya mkaza mjomba:

"Harusi ya pili ya nani?"

"Ya kompyuta."

"Na ya kwanza hiyo kompyuta ilimwoa nani?"

Boti ikaja, nikakata simu. Sikutaka kuwa shahidi.

Nilipofika nilimkuta mjomba amenuna kwa upande wa nyumbani, ila kwa upande wa kompyuta anatabasamu. Faili la muundo.sql limepatikana. "Na nimelijaribu," akasema, "kwa ile amri ya kurudishia uliyoniandikia."

"Ile ya kompyuta ya Shela? Umeijaribu wapi?"

"Papa hapa. Haikulalamika hata neno."

Kweli isingelalamika, amri ile ikifaulu hunyamaza. Na faili la mysqldump, usipolizuia kwa --skip-add-drop-table, juu ya kila jedwali lina DROP TABLE: lililopo livunjwe, ndipo lijengwe jipya. Yalijengwa. Yalikuwa safi, yananukia upya, na mgeni hata mmoja hayumo. Logi ya mabadiliko ingetuokoa, ila fundi aliyefunga programu aliizima ili kubana nafasi ya diski. Nakala ya zamani? Mjomba akanipa flashi. Ilikuwa na mawaidha matupu.

Likabaki daftari la mkaza mjomba, ambaye ndiye anayewapokea wageni na kuandika kwa penseli. Bei yake ilikuwa bangili. Mjomba alipunguza, mkewe akaongeza, nami nikaagizwa maneno huku na huku kwa sababu wao walikuwa hawasemezani. Magharibi ilipoadhiniwa, daftari likatoka.

Halikuwa na majina. Majina ya Kizungu humchosha. Lilisema: "Mrefu wa miwani, siku tatu, kalipa nusu." "Aliyekula pweza akalia." "Mke na mume wasiosemezana, vitanda viwili."

Nilitaka kuacha pahala pa jina patupu. Mashine ikagoma: safuwima ya jina ni NOT NULL, yaani hairuhusiwi kukosa thamani, na sharti hilo mysqldump ilikuwa imelihifadhi kwa uaminifu wote. Tukaandika kama lilivyo daftari.

Wiki ya Maulidi risiti zikaanza kutoka kwenye printa. Mrefu wa Miwani hakuuliza kitu. Lakini yule mume mgeni alijua kusoma Kiswahili kidogo, akaja dakani na karatasi yake: "Imepokelewa kwa shukrani kutoka kwa Wasiosemezana." Akataka kujua ni nani hao.

"Ni ukoo," mjomba akamwambia, bila kupepesa. "Ukoo mkubwa wa hapa Amu."

Sauti ikatoka ukumbini: "Na mzee wao ndiye huyo unayezungumza naye."