Nyeusi hii si ya kuazima

Jumamosi iliyopita tulialikwa kupiga harusini, Kibokoni, Mombasa. Hata gitaa la besi sijalichomeka, mjomba wa bibi harusi akamwita kando kiongozi wetu. Nilimsikia vizuri: "Huyo kijana wa nguo nyeusi na wanja, mweke nyuma. Watu watasema mmeleta shetani. Vijana hawa wameiga wazungu, basi." Nikakaa nyuma ya spika usiku kucha, nikapiga kila wimbo, na hasira haijanitoka mpaka leo.

La shetani silijibu. Anayenijua anajua ninaposwali.

Lakini hili la kuiga limeniuma, maana aliyelisema alikuwa akitikisa kichwa kwa raha akisikiliza tashkota, kile kinanda cha nyuzi chenye vibonye. Tashkota asili yake Japani! Udi umetujia kutoka Uarabuni. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia maneno ya Kiswahili, na mji mzima ukalia naye. Nani alimwambia ayarudishe Bombay? Sisi ni watu wa bandari. Kishukacho melini tukikipenda, tunakaa nacho mpaka kinasema kwa lafudhi yetu. Kwa nini basi niharamishiwe mimi peke yangu, ati kwa sababu nilichokipenda, muziki wa gothi, ule wa huzuni na nguo nyeusi, kimetoka Northampton na Leeds, Uingereza?

Na nilikipendaje? Nilikuwa na miaka 16. Binamu yangu, baharia, alirudi safari akanisikilizisha wimbo wa kwanza wa Bauhaus, bendi ya Northampton, wa mwaka 1979, zaidi ya dakika 9. Besi inashuka polepole kama mtu ateremkaye ngazi gizani, ngoma inagonga kama hodi kwenye nyumba iliyohamwa, na mwimbaji hana haraka ya kuingia. Pale pale nikajua moyo huu nimeshausikia. Ni ule wa marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi wa taarab, anapouacha udi useme peke yake kwanza, watu wametulia, halafu sauti inakuja kama ya mtu aliyelia nje kabla ya kupiga hodi. Nyumbani tumelelewa na kaseti zake. Huzuni iliyopambwa, ikavishwa, ikafukizwa: hiyo ndiyo ladha yangu, na niliipata Mji wa Kale kabla sijalijua neno gothi. The Sisters of Mercy, bendi ya Leeds, walichonionyesha ni kwamba hata mashine ya ngoma, isiyochoka wala kupumua, inaweza kubeba maombolezo. Siouxsie, mwimbaji wa Kiingereza, kanionyesha wanja unavyoweza kupakwa ukawa kama kinyago. Wanja wenyewe nilikuwa nao. Babu yangu hakwenda Ijumaa bila wanja machoni.

Na nyeusi! Mtu amelelewa kwenye mikunjo ya buibui la mamake, amelishika asipotee sokoni, amelilalia akiwa na homa, kisha leo aniambie rangi hii ni ya kishetani. Mimi nikiona kitambaa cheusi kikipita kwenye kichochoro jioni, harufu ya udi ikibaki nyuma, naona uzuri ambao sijapata kuuona kwenye rangi nyingine yoyote. Najaribu kuupiga kwa nyuzi nne. Miaka kumi sasa, na bado sijaufikia.

Haya, nakubali, ingawa kwa shingo upande: wako wanaovaa minyororo na kujipaka weusi wa midomo bila kuujua hata wimbo mmoja, wakishapigwa picha kule ufukweni Mama Ngina wanavua. Wapo. Na koti refu la ngozi mwezi wa pili hapa kwetu halivaliki. Mimi navaa pamba.

Usiku ule mama mmoja mtu mzima aliniletea sahani ya pilau huko nyuma ya spika. Akanitazama sana. "Mwanangu, umefiwa?"

"La, mama. Ndivyo nipendavyo tu."

"Ile sauti nzito ya chini ilikuwa yako?"

Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, akasema ilimkumbusha mumewe, akaondoka akijifuta kwa ukingo wa mtandio. Pilau ikanipoa mkononi.

Jana kiongozi wetu amenipigia. Kuna harusi nyingine mwezi ujao, ukoo ule ule, na wenyewe wameomba nije na kanzu nyeupe. Nimemjibu nitakuja, nitakaa mbele, na nguo ni hizi hizi.