Banda la Kuku la Saizi ya A4

Jengo langu la kwanza kusimama juu ya ardhi liko Chanika. Ukitaka kuingia unatanguliza kichwa, linafuata bega la kushoto, halafu unaomba Mungu.

Mkate wangu wa kila siku ni usanifu wa picha. Niko Kariakoo, ghorofa ya pili, dirisha linalotazamana na nyaya za umeme. Kadi za harusi, mabango ya mahafali, sare za vikoba, lebo za asali. Lakini moyo uko kwenye majengo. Kila asubuhi napita Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, nasimama kuangalia yale mapaa ya zege yaliyokaa kama miavuli iliyopinduliwa, yaliyochorwa yakusanye maji ya mvua na kuyashusha kwenye tangi chini ya ardhi. Mwenye mkokoteni ananipigia kelele nipishe, napisha, naendelea kuangalia. Usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi ni miaka mitano, na mimi nilishahesabu mpaka umri nitakaokuwa nao siku ya kuvaa joho. Potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zangu wa kuonyesha chuoni, nilikuwa nayo. Tatizo lake lilikuwa moja: kurasa 24 za kadi za harusi, na hakuna hata tofali.

Ndipo Shangazi akapiga simu. Anataka banda la kuku wa mayai, kuku 60, fundi anaye, kiwanja anacho. “Wewe si ndiye unayechora, baba? Nichoree.”

Nikawaza: banda la kuku ni jengo. Lina msingi, lina paa, lina wakazi.

Na niseme kabla hamjaanza kucheka: hesabu zangu zilikuwa sawa. Kuku wa mayai wanaofugwa ndani nilimpangia kila mmoja nafasi ya kutosha, kuku watano kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo 60 wakahitaji mita za mraba 12. Nikaweka mita 4 kwa 3. Upande mrefu nikaulaza mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kwenye pande fupi tu, lisiingie kuwachoma kuku ndani. Ukuta kozi tatu za tofali za inchi sita, sentimita 70 hivi, juu yake wavu. Mbele urefu mita 2.40, nyuma mita 2, bati limwage maji nyuma. Kati ya wavu na bati nikaacha mwanya wa sentimita 30 hewa ya moto itoroke, akili niliyoiiba kwa Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso, yule aliyepata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2022, ambaye shule yake ya Gando bati limenyanyuliwa juu ya dari ili joto lipite katikati. Viota vya kutagia 12, kila kimoja kwa kuku watano, sentimita 30 kila upande. Mlango mita 1.80 kwa sentimita 80, mtu na ndoo yake apite.

Nikachora kwa skeli ya 1:20 kwenye karatasi ya A3. Mita 4 inakuwa sentimita 20 karatasini, mlango wa mita 1.80 unakuwa sentimita 9. Safi kabisa.

Tatizo lilianza pale nilipomaliza kuchora, nikageuka tena kuwa mtu wa kadi za harusi.

Mchoro wa jengo una vipimo kila mahali, mishale huku, namba kule. Mimi nikauona umechafuka. Mtu aliyezoea kuweka “Bwana na Bibi wanayo furaha” katikati ya karatasi yenye nafasi nyeupe kila upande hawezi kuvumilia namba 37 zinazogombana. Nikazipunguza hadi pointi 5. Nikachagua fonti ile nyembamba kama uzi. Nikazipaka kijivu cha asilimia 30, zisionekane sana. Upande mzima wa kulia nikaweka jina langu, pointi 48, herufi nene, nembo juu yake, na chini: SKELI 1:20, nayo nene, maana niliona inanipa hadhi. Nikaisogeza mbali kidogo na skrini, nikaitazama kwa jicho moja. Ilipendeza. Ungeweza kuwaalika watu harusini kwa mchoro ule.

Nikamtumia Shangazi kwa WhatsApp, nikamwambia akaprinti steshenari ampe fundi. Sikumwambia karatasi gani.

Steshenari ya kule mtaani kwao haina A3. Ina A4, na printa yake ukiipa kitu kikubwa kuliko karatasi haiulizi, inakibana kienee. Sasa, A3 ikibanwa kuwa A4 kila urefu unakuwa asilimia 71 ya ulivyokuwa, na eneo linabaki nusu kamili. Namba zangu za pointi 5 zikawa tatu na nusu. Halafu ile printa ya leza haina wino wa kijivu. Ina mweusi tu, na kijivu inakitengeneza kwa kutawanya vinukta. Herufi nene inavumilia vinukta. Herufi nyembamba kama uzi inakatikakatika, na tona nayo ikiwa inaelekea kwisha, basi. Karatasi iliyomfikia fundi ilikuwa na mistari ya kuta, madoa mfano wa vumbi kila palipotakiwa kuwa na kipimo, na mambo mawili yanayosomeka vizuri: jina langu na SKELI 1:20.

Fundi ni mtu mzima, amejenga nyumba nyingi kule kuliko nilizopanda mimi ngazi zake. Akaona hakuna namba, akaona skeli. Akaenda dukani akanunua rula mpya ya sentimita 30, shilingi 500, kwa heshima ya mchoro. Akapima ukuta: sentimita 14.1, mara 20, mita 2 na sentimita 82. Wa pili 10.6, mara 20, mita 2 na 12. Mlango 6.4, mara 20, sentimita 128. Baadaye niliona hesabu zake zote nyuma ya karatasi, kwa kalamu ya risasi, na hakuna hata moja aliyokosea. Ndicho kinachoniuma.

Alishtuka, si kwamba hakushtuka. Alimwambia Shangazi, “Mama, mlango huu mbona wa bata?” Shangazi akamjibu, “Fuata karatasi. Huyo mtoto anakwenda chuo.”

Wiki mbili baadaye simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye furaha. “Mwanangu, Mungu akubariki! Tofali nilinunua 120, zimebaki 58! Bati zimebaki! Mbao za mbili kwa mbili zimebaki! Kumbe ukitumia msomi unaokoa hela!”

Mtu mwenye akili, akisikia nusu ya tofali imebaki, anauliza swali. Mimi nilisema, “Ndiyo faida ya kupanga, Shangazi.” Nikakata simu, nikawageukia wenzangu ofisini, nikawapa mhadhara mdogo kuhusu upotevu wa vifaa katika ujenzi wa Tanzania.

Jumamosi nikaazima kamera, nikapanda daladala hadi Chanika kupiga picha za potifolio. Nilivyoingia uani nililiona kwa mbali, nikafikiri bado liko mbali. Nikazidi kusogea. Likakataa kukua.

“Fundi, shikamoo.”

“Marahaba, injinia.” Alilitamka hilo neno “injinia” kwa namna ambayo sijaisahau.

Kwa nje, sitaki kusema uongo, lilikuwa zuri. Kozi mbili za tofali zilizonyooka, wavu umekazwa, bati geji 30 limekaa sawa, mwanya wa Kéré upo juu, sentimita 21. Uwiano wote ulikuwa ule ule niliouchora. Ungelipiga picha bila mtu kando, hakuna ambaye angejua. Nikaanza kupiga hizo za bila mtu kando.

Ila mwalimu wa chuo, nikawaza, atataka kuona ndani. Nikainama, nikaingia.

Mimi nina urefu wa mita 1.78. Upande wa mbele ulikuwa mita 1.70, nyuma 1.42. Nikatembea kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka. Kuku 60 wa wiki 16 wamo ndani ya mita sita za mraba, yaani kumi kwa mita, wamekasirika tayari, wengine wameanza kudonoana manyoya ya mkia. Hewa ya kinyesi cha kuku inawasha macho. Kwenye viota kuna kuku mmoja alikuwa amejaribu: kichwa na kifua vimo ndani ya kile kisanduku cha sentimita 21, kiuno chote kiko nje, ananitazama kwa upande. Saa saba mchana, bati liko karibu na kisogo changu kama pasi.

Nikiwa kule mwisho, Shangazi akaona ndio wakati mzuri wa kunionyesha anavyolisha. Akaja na ndoo ya chakula.

Mlango ulikuwa na upana wa sentimita 56. Shangazi aliinama, akapitisha ndoo, akapitisha mkono, akapitisha kichwa na bega moja, na hapo safari ikaishia. Mbele hakwendeki kwa sababu ya fremu. Nyuma hakurudiki kwa sababu kanga ilikuwa imenasa kwenye komeo. Ndoo ikamwagika ndani. Kuku 60 wakaliona lile pumba kwa pamoja.

Sitaeleza sana dakika zile. Niseme tu kwamba mwanga wote wa banda ulikuwa unapita mlangoni na kwenye wavu, na wa mlangoni ulikwisha. Nilikuwa nimekaa juu ya fito za kulalia kuku, kamera kifuani, kuku mmoja begani, nikisikia Shangazi akisema kwa upole mno, “Baba, hivi mlango huu ulipimiwa nani?”

Fundi hakuharakisha. Alikuja na nyundo na msumeno, akauchunguza ule mlango kama daktari, akasema, “Fremu ni mbili kwa nne. Nikiitoa pande zote mbili tunapata inchi nne.” Akaing’oa. Inchi nne zilitosha. Shangazi akatoka kwa kurudi nyuma, mimi nikafuata, na baada yangu kuku kumi na moja ambao tuliwakimbiza hadi alasiri.

Tulipokaa kunywa maji nikaomba karatasi. Nikaiona. Nikageuza nyuma nikaona zile hesabu. Nikaomba na rula, ile mpya, nikaupima mstari unaouzunguka mchoro wenyewe: ulitakiwa sentimita 38, ulikuwa 27. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Ndiyo maana wachoraji wa kweli huweka kando ya skeli ule mstari uliogawanywa kama rula, sentimita tano ziitwe mita moja: karatasi ikibanwa, nao unabanwa, kwa hiyo unaendelea kusema kweli. Skeli ya namba haibanwi. Inabaki pale pale inasema 1:20 hata ukiiprinti kwenye stempu.

Kurekebisha kukawa rahisi kuliko nilivyostahili. A4 mbili ukizipanga ubavu kwa ubavu unapata A3. Basi tukajenga pacha: chumba cha pili cha vipimo vile vile kimegandana na cha kwanza kwenye ukuta mrefu, na ule ukuta wa katikati tukaubomoa ukawa nguzo na uwazi. Jumla mita 2.82 kwa 4.24, mita za mraba 12 kasoro kidogo sana. Tofali zile zilizobaki zikatosha, tukabakiwa na 13. Paa la pacha tukalipandisha hadi mita 2.40 na mlango mpya wa mita 1.80 ukakaa huko. Cha kwanza kikabaki kifupi, kuku wanalala humo, watu hawaingii. Viota tulivunja tukagonga upya.

Kasoro moja ilibaki. Upande wa kuongeza ulikuwa kaskazini tu, mashariki kuna shimo la choo. Kwa hiyo upande mrefu sasa unatazama jua linakochomoza, kinyume kabisa na nilivyojisifu. Tumeshona viroba vya mchele tukavitundika kwenye wavu, vinashushwa alfajiri na kupandishwa saa nne. Kwenye potifolio nimeviita pazia za kukinga jua.

Mchoro wa pacha niliuchora palepale Chanika, kwenye A4 tangu mwanzo. Namba nyeusi tii, pointi 14, kipimo kimeandikwa kwa mita na pembeni kwa futi. Kistari cha sentimita 5 kwenye kona cha kuhakikia kama printa imebana. Jina langu nikaliweka chini kabisa, dogo, kiasi kwamba Shangazi aliuliza kama nimeona aibu. Na juu nikaandika kwa herufi kubwa: USIPIME MCHORO KWA RULA, FUATA NAMBA.

Fundi akausoma mara mbili. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile rula yake, akaiweka juu ya karatasi mbele yangu.

“Sasa injinia, mia tano yangu nani ananirudishia?”